Korongo la Newala ni la ofisi gani?

Newala hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na bado unaweza kukata mwendo mrefu juu ya Uwanda wa Makonde bila kuvuka hata kijito. Mchanga unayanywa maji. Yanazama chini kabisa, kisha yanatokea kwenye chemchemi za miteremkoni na mabondeni, mbali na yalipo makazi. Kwa vizazi vingi akina mama wa huko walishuka genge mikono mitupu na kulipanda tena na maji kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya habari za watu wa kusini, aliandika mengi juu ya vichaka vya uwanda ule na umbali wa maji yake.

Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya habari ya udongo wa kule. Udongo wa Makonde ni wa kulimia, lakini vilevile ndio tangi la maji la eneo zima. Visima vya Mitema katika bonde la Kitangari, ambavyo maji yake husukumwa kupanda mlima kwenda kwa watu wa juu, vinategemea mvua iliyonyesha kwenye mashamba na kuzama taratibu. Shamba likibaki tupu, ardhi inaganda juu na maji hayazami tena, yanakimbia. Yakikimbia yanabeba mchanga, na mchanga wa Newala ukishaanza kukatika hauna mwamba wa karibu wa kuusimamisha.

Mgeni akifika Newala hupelekwa Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda, aone ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Ni mandhari ya kupendeza na hakuna wa kulaumiwa kwayo, kwa sababu ukingo ule umechongwa na maji kwa maelfu ya miaka. Makorongo ninayoyaandikia leo ni mengine. Haya yana miaka michache tu, hayana jina, na mengi yake yanaanzia kando ya barabara, kwenye kona ya uwanja wa shule, au nyuma ya nyumba yenye bati jipya.

Sehemu nyingine za nchi zilipopatwa na balaa hili, zilipewa taasisi. Dodoma ilipata HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika vilima vya Kondoa ili ardhi ipumue. Shinyanga ilipata HASHI mwaka 1986, ikaja kusifiwa duniani kwa kufufua ngitili, malisho ya Wasukuma yaliyotengwa yapumzike. Lushoto ilikuwa na SECAP, Iringa ikawa na HIMA. Mtwara haikupata kitu cha namna hiyo. Ilikuwa na RIPS, mradi wa Finland uliofanya kazi Lindi na Mtwara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini ule ulikuwa mradi wa maendeleo ya vijiji kwa jumla, na udongo ulikuwa mlango mmoja kati ya mingi.

Sababu naiona hivi. Kusini hakukuwa na ng'ombe wengi, na mtu wa Dar es Salaam akisikia mmomonyoko wa udongo huwaza ng'ombe. Tena kusini ni kijani. Ukipita Newala mwezi wa Machi unaona mikorosho imefunga kila upande, na hakuna mkubwa atakayeshuka garini hapo na kusema ardhi inakufa. Ofisi ya kulinda udongo huletwa na picha ya kutisha, nayo picha ya Kondoa ilitisha kuliko ya Newala.

Lakini si kweli kwamba udongo wa Makonde haukuwa na msimamizi. Wamakonde hawakuwa na mfalme. Walikuwa na mkulungwa, mkuu wa ukoo uliotangulia kufyeka mahali, na eneo lake ndilo chirambo. Aliyetaka kulima alipitia kwake. Clement Gillman, mhandisi na mwanajiografia aliyeijua Tanganyika kwa miguu, alichapisha mwaka 1945 maelezo ya kilimo cha uwanda huo: watu walifyeka kichaka, wakachoma, wakalima kwa misimu michache, wakahamia kingine, na kile cha kwanza kikachipua upya kutoka kwenye visiki. Visiki havikung'olewa. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya udongo, na hakuna aliyelipwa mshahara kuisimamia.

Kinga hiyo ilihitaji ardhi ya ziada, nayo ikaisha. Kwanza watu waliongezeka. Pili ukaja mkorosho, mti wa kudumu, usiokubali kuachiwa kichaka. Tatu ikaja Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970. Wanahistoria wa korosho wameshaeleza mara nyingi jinsi wakulima walivyotenganishwa na mikorosho yao: nchi iliuza tani 145,000 msimu wa 1973/74, na kufikia 1986/87 zilikuwa hazifiki 20,000. Kinachosahaulika ni upande wa udongo. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa mahali pamoja, na njia zake, viwanja vyake na paa zake navyo vikakusanyika. Maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka huku na huku yakapata njia moja ya kupita.

Zao lilifufuka, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia mabadiliko ya ardhi ya kusini mashariki, Uwanda wa Makonde na tambarare za Masasi, walichapisha matokeo ambayo kwa wengi yalikuwa kinyume cha mazoea: watu wameongezeka na miti imeongezeka. Korosho ndiyo iliyofanya hivyo. Kwa hiyo tuseme waziwazi kwamba mlinzi mkubwa wa udongo wa Newala na Masasi kwa miaka hamsini hii amekuwa mkulima wa korosho, si ofisi yoyote, na hakufanya hivyo kwa kupenda mazingira bali kwa kutafuta ada ya shule.

Shida ni kwamba mkorosho unalinda udongo kwa mkono mmoja na kuuachia kwa mwingine. Tazama shamba mwezi wa Septemba. Mkulima amefyeka na kupalilia chini ya kila mti, amekusanya majani na kuyachoma, pamefagiliwa pakawa peupe kama uwanja wa ngoma. Ana sababu. Korosho ikianguka kwenye majani inapotea, na kwenye majani kuna nyoka. Ila usafi huo unadumu hadi mvua za kwanza, ambazo ndizo kali, na zinakuta udongo hauna hata jani la kupokea pigo la tone. Wataalamu wa kilimo hifadhi wanashauri majani yasichomwe, yapangwe kwa mistari inayokata mteremko, katikati ya miti, ili maji yakifika hapo yapunguze mwendo. Hilo halina gharama ila ya reki na jasho. Ni nani wa kulisema shambani? Afisa ugani wa kata. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maofisa hao, pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo kwa halmashauri. Pikipiki zinaonekana barabarani. Majibu ya vipimo vya udongo ndiyo bado hayajawa mazungumzo ya kijiweni, wakati bei ya mnada kila mtu anaijua hadi shilingi.

Na vipimo vingekuwa na la kusema, hasa kuhusu salfa. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaoua maua ya mkorosho, ulidhibitiwa kwa unga wa salfa, na bila salfa zao hili lisingefufuka. Unga ule hupulizwa kwa bomba la injini asubuhi mapema wakati hewa imetulia, mara kadhaa kwa msimu, mwaka baada ya mwaka. Sehemu kubwa haibaki kwenye maua. Inaanguka chini. Humo bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi. Udongo wa mfinyanzi ungevumilia kwa muda mrefu, lakini kichanga cha Makonde hakina uwezo mkubwa wa kuzuia mabadiliko hayo. Amos Majule na wenzake walilichunguza jambo hili kusini na kuchapisha mwaka 1997, wakionesha kwamba salfa inaongeza uchachu wa udongo chini ya mikorosho. Muhogo huvumilia uchachu kwa kiasi kikubwa. Mahindi hayavumilii kiasi hicho. Familia inayolima mazao ya chakula kati ya mikorosho inaweza kuona mavuno yanapungua na kulaumu mvua au jirani.

Kwa misimu mingi salfa imegawiwa kwa ruzuku, na misimu mingine bure, kupitia Bodi ya Korosho na vyama vya msingi. Sina ugomvi na ruzuku. Ninauliza kwa nini mfuko wa salfa unamfikia mkulima wa kijijini kabisa, na chokaa ya kupunguza uchachu haimfikii. Chama kikuu cha TANECU kinachohudumia Tandahimba na Newala, na MAMCU cha Masasi na Mtwara, vina orodha ya wanachama, maghala na njia za usambazaji. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko Mtwara na kinaujua udongo huu kuliko taasisi yoyote nchini. Mtandao wa kulinda udongo upo tayari, ila umepewa kazi ya kusambaza kitu kimoja tu.

Turudi kwenye bati. Korosho iliyouzwa vizuri huonekana kwanza juu ya nyumba. Nyasi zinatoka, bati linaingia, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kutaka kulala pasipovuja. Sasa piga hesabu. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 1,000, linamwaga lita 100,000 za maji kwa mwaka. Wazee wa uwanda waliyaona maji hayo kuwa mali: nyumba nyingi za Newala zina kisima cha chini kilichosakafiwa kwa saruji, mfereji wa bati unaingiza humo, na familia inakunywa humo miezi ya ukame. Kisima hicho hakijaandikwa popote kuwa mradi wa hifadhi ya udongo, na kwa maoni yangu hakuna mradi wa hifadhi uliofanya kazi kwa muda mrefu na kwa uaminifu kama hicho. Nyumba isiyo nacho huyatupa maji yake njiani. Njia inageuka mfereji, na mfereji unageuka korongo.

Mradi wa maji wa Makonde, ulioingizwa katika mpango wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India na kusainiwa mwaka 2022, ni neema kubwa kwa watu waliobeba ndoo maisha yao yote. Lakini maji ya bomba yakifika, je, mtu atajenga tena kisima cha mvua? Nina wasiwasi. Halmashauri za Newala zinaweza kulimaliza hili kwa kalamu: ramani ya nyumba mpya mjini isipitishwe kama haioneshi maji ya paa yanaishia wapi.

Barabara ni habari kubwa zaidi. Lami ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kilomita 210, imesubiriwa tangu uhuru, na ujenzi wake umekwenda kwa vipande: Mtwara hadi Mnivata kwanza, kisha Mnivata hadi Masasi kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Chukua kilomita moja ya lami yenye upana wa mita 10 pamoja na mabega yake. Mvua moja kubwa ya milimita 50 inaiachia lita 500,000. Hayo maji hayazami, yanafuata mtaro hadi kwenye kalavati, na kalavati linayatema upande wa pili. Upande wa pili ni shamba la mtu.

Hapa ndipo makorongo yanapozaliwa, na ukisimama mdomoni mwa kalavati utaona hatua zake zote. Karibu na saruji pana shimo la kina cha goti, limechimbwa na maji yanayodondoka. Hatua chache mbele shimo limekuwa mfereji wenye kuta zilizosimama wima, mizizi ya mkorosho ikining'inia hewani. Kichwa cha korongo hakiendi mbele na maji, kinarudi nyuma kuelekea barabara, kwa sababu ukuta wake unakatwa kwa chini na kuanguka kila msimu. Ukiachwa miaka mitatu, kalavati lenyewe linaning'inia. Watafiti wa Naliendele na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliyapima makorongo ya kusini mashariki na kuchapisha mwaka 2008 uhusiano kati ya ukali wa mteremko na ukubwa wa eneo linalokusanya maji: mteremko ukiwa mkali, eneo dogo tu linatosha kuanzisha korongo. Barabara inafanya kazi ileile. Inakusanya maji ya eneo kubwa na kuyaachia kwenye tundu moja.

Dawa inajulikana na wala haihitaji semina. Maji yachepushwe mara nyingi, kidogo kidogo, yasisubiri kalavati moja. Pale yanapotoka pajengwe ngazi za mawe, chini yake papandwe vetiva au majani mengine yenye mizizi mirefu, na mwenye shamba aonywe mapema ili naye achimbe makingamaji. Kinachokosekana ni mwenye jukumu. TANROADS inamiliki hifadhi ya barabara kuu. TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, ina barabara za wilaya. Zaidi ya hapo ni shamba la mtu, na mtu hana greda. Idara ya kilimo itakuambia barabara si yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara, inalinda vyanzo, na korongo si chanzo. TFS, wakala wa misitu, ina misitu yake ya hifadhi kwenye kingo za uwanda. Kila ofisi ina kipande chake cha sheria na kila moja inasema kweli. Korongo linaendelea kukua.

Masasi mambo ni tofauti kidogo. Huko mtu ameshuka uwandani, yuko kwenye tambarare zenye vilima vya mawe vinavyochomoza ghafla, kama vile kilima kilicho juu ya Mtandi, karibu na pale Askofu Edward Steere alipoweka watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Mwamba ule hauzamishi tone. Mvua ikinyesha, kilima kizima kinamwaga maji kwa pamoja kwenye mashamba ya miguuni pake, na udongo wa hapo haukwenda chini sana. Mmomonyoko wa Masasi kwa hiyo huwa wa kimyakimya, unaosomba tabaka la juu msimu hadi msimu bila kuacha shimo la kupigia picha, hadi siku mkulima wa ufuta anapogundua jembe linagonga mawe. Moto wa Septemba na Oktoba unaopanda vilimani unaharakisha kazi hiyo, kwa kuwa nyasi za mlimani ndizo breki pekee. Chemchemi ya Mbwinji, inayolisha Masasi na Nachingwea, ni ushahidi wa upande wa pili wa hesabu: miji miwili ya tambarare inaishi kwa maji yaliyozamishwa na ardhi iliyofunikwa.

Sasa swali la kichwa cha habari. Jibu langu ni kwamba korongo ni la kijiji, kwa sababu serikali ya kijiji ndiyo ofisi pekee inayouona mteremko wote kwa pamoja: paa, njia, barabara, shamba na bonde. Na sheria imeipa nguvu kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitambua kamati ya mazingira ya kijiji na inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Sheria ndogo za kijiji, zikipita mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, zinaweza kumtoza faini anayechoma moto kiholela au anayelima hadi ukingoni mwa genge. Mkulungwa hakuwa na nusu ya maandishi hayo.

Alichokuwa nacho ni kusikilizwa. Kamati nyingi za mazingira zipo kwenye daftari la mtendaji tu, wajumbe hawana posho, hawana futi kamba, hawana hata pima maji ya bomba la plastiki la kutafutia kontua. Tena kuna kumbukumbu mbaya ambayo viongozi wanapaswa kuiheshimu. Mkoloni alilazimisha matuta na ngazi kwa amri na faini, na Waluguru mwaka 1955 walilikataa hilo hadi damu ikamwagika. Hifadhi ya udongo inayokuja kwa mgambo haitadumu kusini, kama ambavyo haikudumu Uluguru.

Itakuja kwa fedha, na fedha zipo. Mwaka 2018 Bunge lilizozana vikali kuhusu asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, zilizokuwa zikirudi kwenye zao na kisha zikapelekwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Hayo ni ya Dodoma, tuwaachie. Halmashauri zina ushuru wao wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Kilo ikiuzwa shilingi 3,000, halmashauri inapata shilingi 90. Itengwe shilingi moja tu kati ya hizo. Halmashauri inayouza tani 20,000 itakuwa na shilingi milioni 20 za mawe, vetiva na chokaa ya majaribio kila mwaka, bila mfadhili na bila kungoja taasisi iletwe kutoka juu.

Madiwani hawataipeleka hoja hiyo kwenye bajeti kama haikutoka vijijini. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, na ajenda yake iko wazi kwa kila mkazi. Wewe mwenye korongo mpakani mwa shamba lako, nenda kwa mtendaji kabla ya mkutano ujao, likaandikwe.